Mkanda wa urembo upigilie kwenye fremu, usiupigilie kwenye paneli

Kabati la vyombo la dada yangu nililimaliza Tanga, masika yakiwa yamekolea. Milango ilikuwa ya paini, kila mmoja una fremu na paneli ya mbao katikati, na pale paneli inapokutana na fremu nikazungusha mkanda mwembamba wa mbao uliochongwa kwa randa. Lilipendeza kweli. Dada akahamia nalo Dodoma. Mwezi Agosti akanipigia simu: paneli mbili zimepasuka toka juu hadi chini.

Kosa lilikuwa langu. Ubao hunywa unyevu wa hewa ukatanuka kwa upana, na hewa ikikauka husinyaa. Kwa urefu haubadiliki kiasi cha kuonekana. Paneli ya sentimita 40 ikitolewa pwani wakati wa mvua na kupelekwa Dodoma ya kiangazi inaweza kupungua milimita 3 au 4. Mimi nilipaka gundi chini ya mkanda wote, kisha nikapiga misumari ikaingia kwenye paneli. Ilipotaka kusinyaa ilikuwa imeshikwa kushoto na kulia.

Siku hizi gundi naipaka ule ubavu unaogusa fremu tu. Misumari, ile myembamba isiyo na kichwa, naiinamisha ielekee kwenye fremu. Na paneli naipaka vanishi nzima kabla ya kuweka mkanda, ili ikisinyaa usichungulie mstari mweupe pembeni. Kwa plaiwudi huna haja ya haya yote. Haichezi sana, paka gundi upendavyo.

Tazama milango ya zamani ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Mfaa, ule ubao wa nakshi wa katikati, umefungwa kwenye ubawa mmoja tu, nao unafunika uwazi kati ya mbawa mbili. Mafundi wale walijua urembo hufunika kiungo bila kukifunga.

Kuhusu kona: usikate nyuzi 45 kwa kuamini tu. Jaribu kwanza kwa vipande viwili vya mabaki, kwa sababu fremu ikipinda kidogo kona haifungi. Urefu nao usiupime kwa futi. Shikiza mkanda mahali pake, weka alama, kata ukibakiza kidogo, punguza kwa msasa.

Milango ya dada nimeitengeneza upya hukohuko Dodoma, kwa mbao zilizokaa chumbani mwake wiki tatu kabla sijagusa msumeno.