Mafuta ya Midomo Yenye Ladha: Zawadi ya Kumtengenezea Mtu Unayemjua

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Nairobi hukausha midomo ya wakubwa na watoto, na huo ndio msimu ambao mimi hupenda kuwapa jamaa na marafiki mafuta ya midomo niliyoyatengeneza jikoni kwangu. Kabla hujanunua chochote, fikiria kwanza ni nani utakayempa na anaishi wapi, kwa kuwa mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua kiasi cha nta na aina ya ladha.

Kwa mtu wa Nairobi hutumia gramu 10 za nta ya nyuki, gramu 15 za siagi ya shea, gramu 15 za mafuta ya nazi na gramu 10 za mafuta ya mbarika, mchanganyiko unaotosha vikopo vitano vya gramu 10. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Ndiyo maana mwezi wa Julai huganda chupani hapa kwetu, ilhali Mombasa hubaki majimaji karibu mwaka mzima. Shangazi yangu anaishi huko, kwa hiyo ninapomtengenezea yeye huongeza nta hadi gramu 13 na kupunguza mafuta ya nazi hadi gramu 12, ili yasimwagikie mkobani. Pima kwa mizani ya jikoni, kwani vipande vya nta havipimiki vizuri kwa kijiko. Nta yenyewe inuse kabla ya kulipa: iliyo nzuri hunukia asali, lakini iliyoshika moshi wa mzinga itafunika ladha yoyote utakayotia.

Ladha ndiyo sehemu inayohitaji uangalifu zaidi. Vanila ya chupa ya kuokea keki, rangi za chakula na maji ya matunda havichanganyiki na mafuta. Hujitenga na kutua chini, na maji hayo huweza kualika ukungu. Sukari nayo haiyeyuki humo, na utamu humfanya mtu alambe midomo, jambo linaloikausha zaidi. Ladha ya mafuta haya hutokana hasa na harufu, kwa hiyo chagua harufu njema. Ninayoipenda kuliko zote ni iliki: ponda punje kavu chache, ziloweke katika mafuta ya nazi juu ya maji ya moto kwa muda wa saa moja, kisha chuja kwa kitambaa safi kilichokauka, na utapata harufu ya chai ya nyumbani. Anayependa chokoleti, badilisha shea kwa siagi ya kakao isiyosafishwa, ambayo hunukia yenyewe, ila ni ngumu zaidi, kwa hiyo punguza nta kidogo. Mafuta ya mnanaa yanatosha matone sita kwa gramu 50, na mtoto mdogo usimtilie kabisa. Mdalasini huwasha midomo. Mafuta ya ndimu au limau yaliyokamuliwa bila moto yanaweza kuunguza ngozi ikipigwa na jua, na jua la mji huu ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari ni kali hata siku za baridi.

Kuyeyusha ni kazi nyepesi. Weka bakuli kavu juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, tia nta kwanza, kwa kuwa huhitaji zaidi ya nyuzi 62, kisha mafuta, na shea mwishoni. Dondosha tone moja kwenye kijiko kilichokaa frijini, ulisubiri ligande, kisha ulisugue kwa kidole: likikwaruza, ongeza mafuta, likiteleza upesi mno, ongeza nta. Epua, utie mafuta ya harufu, umimine mara moja katika vikopo vilivyopanguswa kwa spiriti, na uvipoze haraka, kwani shea inayopoa polepole hufanya chembechembe kama za unga wa sima.

Bandika karatasi yenye majina ya vyote ulivyotia, kwa sababu wapo watu wanaodhurika na nazi, shea au mazao ya nyuki, na mpokeaji ana haki ya kujua kabla ya kujipaka. Andika pia tarehe. Yakikaa mbali na jua na pasipo maji, mafuta haya hudumu miezi sita bila shida. Yakianza kunuka uchachu, yatupwe.