Muulize Mzee Hamisi: Darubini ya kunyatia kulungu

Shikamoo Mzee Hamisi. Mimi ni mtu wa Iringa, nafanya kazi kwenye shamba la kondoo karibu na Inverness, huku Uskoti. Polisi wamenipa cheti cha bunduki na tajiri wangu amekubali tuwe tunakwenda wote kunyatia kulungu: wale wekundu mlimani, na roe, wale kulungu wadogo, kwenye msitu wa misonobari. Bunduki yangu ni .308. Kuna jamaa ananiuzia darubini ya 6-24x50 kwa pauni 350, anasema kwa hiyo 24 nitahesabu hadi nywele za mnyama. Mfukoni nina pauni 600, na umri wangu ni miaka 46. Niichukue?
J.M.

Marahaba, mwanangu. Usiichukue. Nywele hazikuhusu. Kinachokuhusu ni kumwona mnyama sawasawa wakati mwanga unakwisha, na hapo ndipo 24 itakapokutupa mkono.

Nimeishi kwa kukata lenzi za miwani hapa Glasgow mpaka nikastaafu, kwa hiyo nivumilie na hesabu kidogo. Hiyo 6-24x50 maana yake inakuza mara 6 hadi 24, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50. Chukua upana wa lenzi ya mbele, gawa kwa ukuzaji. 50 kwa 24 ni milimita 2 na ushee. Huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni mwako. Kama huamini, shika darubini hiyo kwa mkono ulionyooka, ielekeze dirishani, uitazame kwa nyuma: utaona kiduara cheupe katikati ya kioo. Anza na 6, uzungushe taratibu kwenda 24. Kiduara kitasinyaa mbele ya macho yako mpaka kibaki kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Sasa, mboni ya kijana gizani hupanuka hadi milimita 7 hivi. Kwa umri wako tuseme 5 au 6. Mboni imefunguka yote inaomba mwanga, wewe unaipa 2!

Utasema, si nitairudisha kwenye 6? Sawa, mwanga utapata wa kutosha. Lakini basi 24 umelipia ya nini? Na mle msituni, roe akipita kati ya mashina mita 40 mbele yako, utatamani uanzie 3 ili uone eneo pana zaidi.

Wewe tafuta 3-12x56 iliyotumika, ya kiwanda cha Ujerumani, Austria au Cheki. Ukiiweka kwenye 8 inakupa milimita 7 kamili. Ungekuwa mtu wa mlimani peke yake, ambako watu hupiga mchana na mnyama huwa mita 100 hadi 200, ningekwambia 6x42 isiyobadilika, uache kuzunguka madukani. Lakini majike wekundu msimu wao ni tarehe 21 Oktoba hadi 15 Februari, na Desemba huko Inverness jua linazama saa tisa na nusu alasiri. Sheria inakuruhusu saa moja zaidi baada ya hapo, na ndiyo saa roe wanayotoka. Usikubali kupimia darubini chini ya taa za duka. Omba utoke nayo nje jioni, utazame chini ya ua wa miti, penye kivuli. Kioo kizuri utakitambua papo hapo.

Msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini, chagua ule wenye nguzo nene pembeni na uzi mwembamba katikati. Nyuzi tupu hupotea kwenye manyoya ya kahawia. Kama una kitone chekundu, kiwashe hafifu kabisa, la sivyo kitakupofusha wewe.

Katika hizo 600 tenga 100 ya pete za kufungia. Watu wananunua kioo cha mamia halafu wanakifunga kwa pete za bei ya chai, kisha wanalaumu risasi. Hakikisha jicho linakaa kama sentimita 9 nyuma ya kioo cha nyuma, na ulijaribu hilo ukiwa umelala kifudifudi, mtutu ukitazama juu ya mteremko. Hapo ndipo bunduki inapopiga teke na ukingo wa darubini kukuchana nyusi. Huku wenye kovu hilo hawakosekani.

Ukiirekebisha darubini kwenye shabaha ya mita 100, acha risasi ipige sentimita 4 juu ya kitovu cha shabaha. Itarudi kwenye kitovu karibu na mita 170, na mlimani hutahitaji kugusa vifundo vya kurekebishia darubini.

Shikamoo Mzee. Mume wangu anataka darubini ya joto, ile inayoona joto la mwili wa mnyama gizani, ya kufunga kwenye bunduki, eti sasa Uskoti imeruhusiwa. Ni kweli au ananizunguka?
Mama Z., Dundee

Marahaba, mwanangu. Nusu kweli. Tangu Novemba 2023 darubini za usiku zinaruhusiwa huku kwa kulungu, lakini kupiga usiku kwenyewe bado kunataka kibali cha NatureScot, shirika la serikali ya Uskoti linalosimamia wanyamapori. Muulize kibali kiko wapi. Kama hana, kifaa cha joto cha kushika mkononi kinamtosha kumtafutia mnyama vichakani alfajiri, kisha alenge kwa kioo cha kawaida. Habari ya bei siingii, hayo ni ya nyumbani kwenu.