Egemeo A limetoa jibu hasi? Hujakosea

Ndugu, unauliza ulipokosea: boriti ya mita 6, egemeo A (mahali boriti inapokalia) mwanzoni, B kwenye mita 4, mzigo uliosambaa wa kN 5 (kilonewtoni, kipimo cha nguvu) kwa kila mita, na kN 30 kwenye ncha inayoning'inia. Nguvu ya egemeo A kuisukuma boriti juu imekupa kN −7.5. Hesabu yako iko sawa kabisa.

Mzigo uliosambaa ni kN 30 kwa jumla, nao unakaa katikati ya boriti nzima, mita 3 kutoka A. (Wengi huupeleka mita 2, katikati ya A na B, na hapo ndipo kila kitu huharibika.) Chukua momenti (nguvu mara umbali wake) kuizunguka A: 30×3 + 30×6 = 270, gawanya kwa 4, B inabeba 67.5. Jumla ya mizigo ni 60, kwa hiyo A ni −7.5. Hakiki kwa kuizunguka B: 30×1 − 30×2 = −30, gawa kwa 4, −7.5 ileile.

Alama hasi maana yake boriti inataka kunyanyuka pale A, kwa hiyo kuilaza tu juu ya ukuta hakutoshi. Ifunge kwa bolti au nondo zilizoshika chini, la sivyo uwe na uhakika wa uzito wa kudumu juu yake pale A unaozidi kN 7.5 kwa nafasi ya kutosha. Tena kwa mizigo hiyo boriti inavutika upande wa juu urefu wote, kilele kikiwa momenti ya kNm 70 pale B. Ukiwa unamwaga zege, nondo kuu ziende juu. Fundi asipoambiwa ataziweka chini kwa mazoea.