Tulimeza dawa zilezile, mbona yeye homa imerudi?

SWALI: Shikamoo. Mimi na mdogo wangu tulipimwa siku moja, sote malaria, sote tukapewa dawa mseto. Mimi nilikula kama kawaida, nikapona. Yeye chakula kilimshinda, akawa anameza kwa chai ya rangi tu. Vidonge vyote 24 alimaliza, lakini baada ya wiki mbili na ushei homa imerudi. Shangazi anasema ukoo wa mama yetu dawa haziwakai mwilini. Ni kweli?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba, dada. Jibu umelitaja mwenyewe: chai ya rangi.

Mseto una dawa mbili, artemetha na lumefantrini. Artemetha hupiga kwa nguvu, ikaisha mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hubaki siku kadhaa kumalizia vimelea vilivyosalia, nayo haipatani na maji, inataka mafuta. Watu wazima wenye afya walipopimwa, waliomeza na mlo wenye mafuta mengi waliingiza lumefantrini hadi mara 16 ya waliomeza tumbo tupu. Mara 16! Halafu dirishani tunawaambia "umeze baada ya kula", basi, kula nini hatusemi.

Mgonjwa halazimiki kula pilau. Mafuta kidogo yanatosha: kikombe cha maziwa, karanga, uji uliotiwa kijiko cha mawese. Na nyie wa Kigoma kukosa mawese! Sisi huku Tabora tunayangoja yashuke na treni.

Shangazi simcheki, kurithi kupo. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, ini la mwingine huivunja haraka na la mwingine polepole, na hilo mtu huzaliwa nalo. Wa polepole hulimbikiza dawa, miguu ikaweza kufa ganzi, ndiyo maana hupewa na vitamini B6. (Isoniazidi yenyewe hutaka tumbo tupu, kinyume kabisa cha mseto.) Lakini hayo ni ya ini, dawa ikishaingia. Ya mdogo wako nadhani iliishia njiani.

Hata hivyo, huenda ameumwa na mbu mwingine, au homa hii si malaria. Asinunue dawa kwa kukisia. Arudi zahanati leo apimwe upya, na aseme alivyomeza zile za kwanza. Akipewa mseto tena, uji wa mawese utangulie. Akitapika ndani ya saa moja, dozi hiyo irudiwe, na mrudi mkachukue vidonge vya kufidia.