Swali la lugha: Tumeokoka ama tumeokolewa?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mbale, Vihiga, na nimelifupisha kidogo: "Bwana asifiwe mwalimu. Sisi akina mama wa kanisa letu tunaprinti leso za kongamano la Agosti, tulikuwa tumekubaliana ziandikwe TUMEOKOKA KWA NEEMA. Sasa mhubiri mgeni akaja akatuambia hiyo ni makosa, ati kuokoka maanake umejiokoa mwenyewe, Mkristo aseme ameokolewa. Bwanangu ni Mkatoliki, yeye anasema yote mawili ni lugha ya walokole. Nani yuko sawa? Na tena, ni kutubu dhambi ama kutubia dhambi?"

Asifiwe sana dada. Hili swali limenifurahisha kwa sababu ni sarufi na ni imani kwa pamoja, na hapa kwetu watu hulipita tu juu juu.

Tuanze na mhubiri. Kitenzi ni okoa. Ukikipeleka kwenye kauli ya kutendwa unapata okolewa, ukikipeleka kwenye kauli ya kutendeka unapata okoka, sawa tu na bomoa, bomolewa, bomoka, ama ng'oa, ng'olewa, ng'oka. Sasa ukuta ukibomoka kwani nani husema ukuta umejibomoa? Kujifanyia mwenyewe ni kazi ya -ji-, na mtu akitaka kusema fulani amejiokoa atasema tu amejiokoa, Kiswahili hakijakosa hilo neno. Ile k ya kutendeka haisemi ni nani alifanya, inaangalia tu hali imekuwaje mwishoni, mlango umefunguka, sufuria imetoboka, mtu ameokoka. Kwa hivyo hapo mhubiri amekosea.

Lakini simuachi hapo, manake kuna kitu amegusa bila kukishika vizuri. Chukua mfano wa ziwani hapa kwetu Kisumu, pale Dunga. Tuseme boti imepinduliwa na upepo na watu watano wako majini. Wanne wanavutwa na wavuvi kwa mikono, mmoja anashikwa na kola ya shati kabisa, wanaingizwa kwenye boti ingine. Wa tano anajua kuogelea, anapiga maji mpaka anafika ufuoni peke yake anahema. Jioni mtu akikuuliza habari utamwambia wote watano waliokoka, na utakuwa umesema ukweli. Ukimwambia wote watano waliokolewa utakuwa umedanganya, kwa sababu yule wa tano hakuna mkono ulimshika. Yaani kila aliyeokolewa ameokoka, lakini si kila aliyeokoka ameokolewa. Okoka ni neno pana, linaingiza wote, okolewa ni jembamba, lazima kuwe na mtu wa kuokoa hata kama hujamtaja.

Na mafundisho ya Kikristo kuhusu neema yanasema nini? Yanasema kwenye hayo maji hakuna wa tano. Hakuna aliyeogelea akafika. Ndiyo sababu pale Paulo anapotaka kueleza neema yenyewe, Waefeso 2:8, Biblia yetu ya Union ya 1952 imeandika "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani". Ingeandikwa mmeokoka isingekuwa kosa la sarufi, ila ule mkono uliokuvuta ungefichika.

Sasa mhubiri akisema tusitumie kuokoka kabisa, itabidi agombane na hiyo hiyo Union. Fungua Matendo 16. Mlinzi wa gereza la Filipi, aliyekuwa ameshafuta upanga ajiue, anauliza "yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?" na anajibiwa "Mwamini Bwana Yesu, nawe utaokoka pamoja na nyumba yako." Warumi 10:9 pia, ukimkiri kwa kinywa na kuamini moyoni, "utaokoka". Na kwa Kigiriki hizi sehemu zote tatu, Waefeso, Matendo na Warumi, ni kitenzi kimoja na zote ziko katika kauli ya kutendwa, kwa hivyo hii tofauti ya okoka na okolewa ni ya watafsiri wetu, haikutoka kwa Luka wala kwa Paulo. Mimi naona walisikiliza vizuri. Yule mlinzi akitetemeka usiku ule haulizi ni nani atafanya hiyo kazi, anauliza mimi nitatokaje hapa, na Mswahili akiuliza hivyo neno linalomjia mdomoni ni kuokoka. Paulo kwa Waefeso anaangalia nyuma na anaonyesha aliyetoa. Kila mahali pakapewa neno lake.

Kuna kitu kimoja tu hapa ambacho ni kosa kweli, na nakisikia kwa vijana wakitoa ushuhuda: "nimeokoka na Yesu". Kauli ya kutendeka haipokei mtendaji. Huwezi kusema sahani imevunjika na mtoto, utasema imevunjwa na mtoto. Kwa hivyo ni nimeokolewa na Yesu. Ile salamu yetu ya kila siku, "nimeokoka na nampenda Yesu", iko sawa kabisa, hiyo "na" ni ya kuunganisha tu. Halafu chungeni -me-. Nimeokoka ni hali ambayo bado uko ndani yake, ukisema "nilikuwa nimeokoka" kanisa lote litageuka likuangalie, manake umeshawaambia ulirudi nyuma.

Na wakati huohuo usifikirie Biblia inaliongelea hili jambo kwa wakati mmoja tu. Waefeso ni mmeokolewa, limeshafanyika. Wakorintho wa kwanza 1:18 ni "kwetu sisi tunaookolewa", linaendelea. Mathayo 24:13 mwenye kuvumilia hata mwisho "ndiye atakayeokoka", bado linakuja. Madhehebu mengi yanabishana kumbe kila mmoja ameshika wakati wake wa kitenzi na hataki kuachilia, huyu anasema nilishaokoka tarehe fulani imeisha, yule anasema nani anaweza kujua kabla hajafika mwisho, na nyakati zote tatu zimeandikwa.

Tukiwa hapo hapo kwa tunaookolewa, angalia hizo o mbili. Moja ni ya rejeshi, yaani ile inayosimama badala ya "ambao", ya pili ni ya kitenzi chenyewe. Barabara ya kutoka Nakuru kwenda Njoro niliona bango kubwa, limechorwa vizuri na rangi ya bluu, KONGAMANO LA VIJANA WALIOKOKA. Waliokoka ni sentensi nzima, ni kusema wao waliokoka. Ukitaka kusema wale ambao waliokoka unaandika waliookoka. Kwa masikio ni kitu kidogo sana, mtu akiongea haraka huwezi kuitofautisha, lakini kwa maandishi inabadilisha maana na inaonekana kutoka mbali.

Sasa mzee wako. Anaposema ni lugha ya walokole ana ukweli nusu. Neno mlokole lenyewe tulilipata Uganda, kwa Kiganda kuokoa ni okulokola na Mwokozi ni Omulokozi, sikia vile yanafanana na yetu, ni ndugu kabisa. Lilikuja na ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda na Uganda, ukavuka ukaingia Kenya mnamo 1937, na tangu hapo kuokoka huku kwetu kukawa na maana ya pekee, kwamba mtu ametubu hadharani, ametaja siku, ameacha pombe. Hiyo maana ni ya walokole, sawa. Lakini kitenzi si chao, yule mlinzi wa Filipi hakuwa mlokole.

Na mwambie hivi kwa upole, kwamba hata yeye akishika rozari jambo hilihili liko mdomoni mwake. Anasema "Salamu Maria, umejaa neema". Union kwenye Luka 1:28 inasema "Salamu, uliyepewa neema". Umejaa ni hali, kama umeokoka. Uliyepewa ni kutendwa, kama umeokolewa. Na Kigiriki cha hapo ni neno moja lililo katika kutendwa. Kwa hivyo mnakaa nyumba moja na mna tafsiri mbili za kitu kimoja, mmoja anaangalia chungu kilichojaa, mwingine anaangalia aliyekijaza. Wakatoliki na Walutheri wenyewe mwaka 1999 walitia sahihi tamko la pamoja kule Augsburg, Ujerumani, kwamba mtu anakubaliwa na Mungu kwa neema peke yake, kwa kuiamini kazi ya Kristo na si kwa sifa yake mwenyewe. Yako mambo bado hawakubaliani, lakini hilo waliandika.

Neema lenyewe ni la Kiarabu, na kwa Kiswahili cha kawaida ni baraka na wingi, tunasema mwaka huu mvua ni ya neema, mahindi yamejaa ghala. Watafsiri wakalichukua kwa ile zawadi usiyoistahili. Usilichanganye na rehema, rehema ni kutopigwa na ulistahili kupigwa, neema ni kupewa na hukustahili kupewa. Majirani zetu Wajaluo wana ng'wono ambayo inabeba yote mawili, ndo maana Mjaluo akiomba kwa Kiswahili wakati mwingine anazibadilisha, na mimi simlaumu.

Kabla sijafika kwa toba kuna kineno kwenye hiyo Waefeso 2:8 nataka muone, kwa sababu nimesikia mahubiri mazima yakijengwa juu yake. Mstari unaendelea "ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu". Hiyo ni gani? Neema iko ngeli ya I-ZI, imani iko ngeli ya I-ZI, kwa hivyo Kiswahili kinakuruhusu kushika yoyote, mmoja asimame aseme kipawa ni neema, mwingine aseme hapana, kipawa ni imani, hata kuamini umepewa. Wokovu haiwezi kuwa, hiyo ingedai "ambao huo". Kwa Kigiriki lakini kile kineno hakikubaliani na neema wala imani, jinsia yake ni tofauti na zao zote mbili, na wataalamu wengi wa sarufi wanasema kinaelekeza kwa jambo lote lililotajwa, kule kuokolewa kwa neema kwa njia ya imani, kifurushi kizima. Biblia ya Habari Njema ndiyo imelifungua vizuri, imeandika "Jambo hili". Kama imani yenyewe ni kipawa au la, hilo Wakristo wanabishana na watabishana, wana mistari mingine ya kushika, ila wasiijenge juu ya hiyo yetu ya I-ZI, haiwezi kubeba huo mzigo.

Toba sasa, haraka. Tubu ni la Kiarabu pia, asili yake ni kurudi, ndo sababu Matendo 3:19 "Tubuni basi, mrejee" inasikika tamu hivyo, ni kama imesema rudini, mrudi. Kutubu lenyewe halihitaji yambwa, yaani kitu cha kutendwa, mtu anatubu, basi. Ukitaka kutaja kile unachokitubu, ongeza i ya kutendea, kutubia, vile Petro alimwambia Simoni kule Samaria "tubia basi uovu wako huu". Kutubu dhambi watu wengi wanasema na wanaeleweka, sitamkatiza mtu akiwa amepiga magoti analia eti kwa ajili ya i moja. Kwa maandishi weka tubia. Na mzee wako akisema kuungama, hiyo ni kuzitaja kwa mdomo, ni sehemu ya toba, si toba yote.

Haya, leso. TUMEOKOKA KWA NEEMA haina kosa, mkiiacha hivyo hakuna mtu wa kuwacheka. Lakini kwa sababu neema iko hapo hapo kwa mstari, na neema lazima iwe na mtoaji, mimi ningewaambia mpeleke kwa fundi TUMEOKOLEWA KWA NEEMA, iende sambamba na Waefeso. Na kama pembeni mtaweka AKINA MAMA WALIOOKOKA, mmoja wenu akae na fundi ahesabu hizo o kabla hajaanza kuprinti.