Barua kwa mwanangu: faida ya meza ya sarafu

Mwanangu mpendwa,

Kamwene. Natumaini mjukuu wangu kikohozi kimeshamwacha na kazi huko Iringa inaenda. Swali lako la Jumapili sikulijibu kwenye simu kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika, na jibu lenyewe ni refu. Uliniuliza hivi: "Baba, siku ile nilipokusaidia kwenye meza yako ya sarafu za zamani Nanenane, watu walijaa mezani tangu asubuhi, wanashika, wanauliza, wanaondoka. Tulichouza hakikufikia hata kodi ya banda. Sasa faida inatoka wapi? Na mimi nikichukua meza yangu mwakani, nitakula nini?"

Faida inatoka kwenye kununua. Watu wengi wanaoanza biashara hii hawalijui hilo. Hupanga sarafu zao vizuri chini ya kioo, huandika bei, halafu hukaa kungoja mteja. Pale viwanja vya Nanenane vya John Mwakangale watu wamekuja kuangalia mbegu, ng'ombe wa maziwa na matrekta. Mkusanyaji wa kweli, yule anayejua kwamba anatafuta shilingi ya mwaka fulani yenye hali fulani, hujitokeza mara chache, na kwa kawaida ananipigia simu mapema ili nimwekee. Wale wengine wote uliowaona hawakuja na nia ya kununua. Lakini karibu kila mmoja wao ana bibi au babu mahali fulani, Rungwe, Kyela, Chunya, Mbozi, Ileje, Makete, na huko nyumbani kuna mkebe wa sarafu za zamani.

Mkebe huo ndio biashara yenyewe. Hakuna sehemu nyingine ya nchi ninayoijua yenye mikebe kama ya kwetu, na sababu ni historia. Wanaume wa upande wa Tukuyu na Kyela walikuwa wakiandikishwa na Wenela, shirika la kuajiri wachimbaji, kwenda machimbo ya dhahabu Afrika Kusini, na wengine walishuka Rhodesia ya Kaskazini kwenye shaba. Walirudi na blanketi, baiskeli, cherehani, na chenji mfukoni. Ile chenji haikununua kitu dukani hapa, basi ikawekwa. Ikarithiwa na watoto, watoto wakaisahau. Leo mtu anakuletea mfuko wa chumvi uliojaa vipande vyeusi, anaona aibu hata kuvimwaga mezani, kumbe ndani mna nusu kroni za Afrika Kusini. Zile za hadi mwaka 1950 ni fedha asilimia 80, yaani madini ya fedha yenyewe. Za 1951 hadi 1960 ni asilimia 50. Nyeusi ile ni fedha inayozeeka tu, haijaharibika. Pamoja nazo utakuta peni za Rhodesia na Nyasaland, zile zenye tundu katikati na tembo wawili waliosimama, za kati ya 1955 na 1963. Hizo hazina fedha ndani, lakini wanaozitafuta wapo, hasa wanaovuka mpaka Tunduma na Kasumulu.

Chunya mkebe wake ni tofauti. Kule dhahabu ya Lupa ilileta watu wengi miaka ya 1930, na malipo yalikuwa shilingi za Afrika Mashariki, zile zenye simba amesimama na milima nyuma yake. Hapa uwe makini sana, maana simba ni yuleyule na milima ni ileile, ila za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, na kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Mwenye mkebe huziona zote kitu kimoja. Wewe uzitenge kwa miaka mbele yake, kwa sauti, huku ukimweleza kwa nini rundo hili lina bei na lile halina.

Na sarafu za Mjerumani, aliyetutawala kabla ya Mwingereza, zipo kila mahali, kwa sababu kodi yake ya nyumba ilidaiwa kwa rupia. Rupia yenye Kaisari aliyevaa kofia yenye tai ina uzito wa gramu 11.66, karibu asilimia 92 fedha. Mwanzoni rupia moja ilikuwa sawa na sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa, kisha tangu 1904 ikawa heller 100, ndiyo maana utakuta vipesa vyekundu vya 1890 hadi 1892 na heller za baadaye kwenye mkebe mmoja. Heller ishirini za 1916 zenye herufi T nazipenda kuliko zote. Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zilikuwa zimefunga bahari, sarafu hazifiki kutoka Ujerumani, basi zikafuliwa papo hapo Tabora, nyingine za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya njano. Mwezi Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Ukiishika moja utaona ilivyo na sura mbaya, haikulala sawa, herufi zimefifia upande mmoja. Usimpunguzie mtu bei kwa hilo, zilizaliwa hivyo.

Sasa nirudi kwenye swali lako: mkebe unafikaje mezani? Yule kijana wa bodaboda aliyekuja na senti kumi ya 1936 utamkumbuka. Aliambiwa kwamba ile sarafu ni mamilioni, kwa kuwa mfalme Edward wa Nane wa Uingereza alitawala chini ya mwaka mmoja akaacha kiti. Ulinisikia nikimwambia bei yake ni ya soda. Nikamweleza kwamba senti kumi ina tundu, kwa hiyo haikuhitaji sura ya mfalme, jina tu linatosha, na zikafuliwa kwa mamilioni kabla hajajiuzulu. Alikasirika. Alisema nataka kumdhulumu. Nawe ulininong'oneza, mbona nisinyamaze, au nimpe kidogo aende zake, pana watu wengi wanasikia.

Walikuwa wanasikia, na hicho ndicho nilichokitaka. Mtu mwenye mkebe nyumbani haji nao siku ya kwanza. Anakuja mikono mitupu, anasimama nyuma ya kundi, anaangalia unavyomfanyia mwenzake. Ukimwambia mtu kwamba sarafu yake haina thamani, na ukamweleza sababu, na usijaribu kuinunua kwa ujanja, yule wa nyuma anajua kwamba siku ukimwambia sarafu yake ina thamani utakuwa unasema kweli. Mchana ule wewe ulikuwa umekwenda kula. Akaja mama mmoja wa Isyesye na mfuko wa plastiki, akaniambia alikuwepo asubuhi wakati wa kelele za yule kijana. Mfuko ulikuwa na nusu kroni za baba yake na rupia mbili. Nilivyonunua kwake, nilipoviuza, ndivyo vilivyolipa banda, nauli, chakula chetu na kubakiza. Kijana wa bodaboda hajui kwamba alinisaidia, lakini mimi nilimshukuru moyoni.

Wengine hawarudi. Wengine wanarudi na mkebe na hawauzi, wanataka tu kujua babu alileta nini kutoka Johannesburg. Hao nao uwape muda uleule. Waandikie kwenye karatasi kila kipande ni nini na cha mwaka gani. Ile karatasi inakaa ndani ya mkebe, na siku ya ada ya shule au ya msiba inasomwa.

Jambo ambalo utalisema mpaka sauti ikauke ni hili la kusafisha. Watu wetu ni wasafi, na wanataka kukuheshimu, hivyo kabla ya kuja wanaisugua sarafu kwa majivu na limao, au kwa steelwool ya sufuria. Inakuja inang'aa na imekufa. Mkusanyaji anatafuta ile ngozi ya juu iliyowekwa na miaka mingi, na mikwaruzo ya kusugua haitoki tena. Rupia iliyosuguliwa, mara nyingi naichukua kwa bei ya uzito wake wa fedha tu, ingawa jana yake ingekuwa ya maana zaidi. Hili linaniuma kila mwaka. Andika bango kubwa, "Usisafishe sarafu", uliweke juu ya meza mahali ambapo anayepita kwenda kuangalia ng'ombe ataliona. Kwako pia, achana na vile vifuko vya plastiki laini vya bei rahisi. Baada ya muda vinatoa ute wa kijani unaoila sarafu. Tumia kadi zenye dirisha, au bahasha za karatasi kavu.

Kuhusu bei ya kununulia, mimi hutoa karibu theluthi mbili ya ninachotarajia kuuza kwa zile zinazotoka haraka, na nusu kwa zile zitakazokaa kabatini. Nikiulizwa namwambia mtu hivyohivyo. Wapo wanaoona si busara. Mimi naona mtu anayejua hesabu yangu harudi kulalamika.

Tembo wa Tabora umwogope. Ile rupia kumi na tano ya dhahabu ya 1916, yenye tembo amepandisha mkonga na mlima nyuma, zilifuliwa 16,198 tu, na za bandia zimejaa. Ya kweli ni gramu 7.17 hivi. Ukiletewa, pima, iangalie kwa lenzi, kisha mwambie mwenyewe kwamba sarafu hii hainunuliwi katikati ya watu. Mpange siku nyingine, mahali pa utulivu, na mtu wa tatu anayejua dhahabu awepo. Akikulazimisha muda huohuo, mrudishie kwa heshima.

Watakuja pia wanaoamini kwamba rupia ya Mjerumani ina zebaki au nguvu fulani, na kwamba kuna tajiri mahali anayenunua kwa mamilioni. Usiwacheke hata kidogo, wengi wao wameshalipa watu fedha kwa ajili ya ndoto hiyo. Pima rupia yao mbele yao, waambie ni fedha kiasi gani na bei ni ipi, na uwaombe wasitoe shilingi nyingine kwa dalali yeyote wa tajiri huyo.

Na mtu akikuletea vile visarafu vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa, usinunue. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na hivyo ni vya zamani kupita hapo kwa karne nyingi. Mwelekeze kwa watu wa mambo ya kale au makumbusho. Pale kwenu, makumbusho ya Iringa Boma, watamwambia pa kwenda.

Mengine uliyaona mwenyewe. Mkononi mwa mteja iwe sarafu moja kwa wakati mmoja, juu ya sahani yenye kitambaa, na sahani nyingine ibaki imefunikwa, maana kwenye msongamano kubadilishiwa ni rahisi kuliko kuibiwa. Muwe wawili, mmoja wa kuzungumza na mmoja wa kutazama mikono. Mizani ya sonara, lenzi, sumaku, tochi. Daftari la manunuzi lenye jina, kijiji na namba ya kitambulisho cha kila anayekuuzia, ili siku mtoto akiuza mkebe wa babu bila ruhusa uweze kuurudisha. Vaa koti zito, Agosti asubuhi hapa unaijua, na funika vioo kwa sababu ya vumbi.

Kwa hiyo nakujibu: chukua meza, nitafurahi sana. Ila usije na mtaji wote ukiwa umekaa kwenye sarafu. Katika kila elfu kumi uliyonayo, elfu saba ije ikiwa taslimu au kwenye simu, tayari kununua. Ukija na vioo vimejaa na mfuko mtupu, utauza senti kumi chache kwa wanafunzi, kisha mama wa Isyesye atafika na utamwangalia akienda kwa mwingine. Na meza zetu zisikae pamoja. Wewe uwe upande wa lango la mifugo, wanakopita watu wa Makete na Njombe. Mimi nibaki pangu, wameshanizoea.

Mabanda huwahi kuisha, hivyo niambie kabla ya Mei ili nikuulizie. Kuhusu zile picha ulizonitumia za mkebe wa bibi wa mumeo: hizo mbili za juu ni shilingi za 1922 na 1925, zina fedha. Ya tatu sioni mwaka, piga tena ukiwa karibu na dirisha. Na umwambie bibi asizisugue.

Mama yako anakusalimu, anasema viazi vya Uporoto vimeshuka bei, atakuwekea gunia kwenye basi la Ijumaa.

Baba yako,
Mbeya