Ukichonga antena ya setilaiti kwa kompyuta, usivisahau visiwa

Mie mtu wa Wete, na reflekta yangu ya kwanza ya kuchongwa, yaani lile dishi ambalo uso wake si parabola safi, una mabonde na vilima vidogo vidogo ili fidi moja tu, kile kipembe kinacholirushia dishi mawimbi, itandaze mwale ufate umbo la nchi, niliianza vibaya. Nilichora mpaka wa eneo kwa kufata pwani ya bara, Tanga mpaka Mtwara, kompyuta ikakesha inapiga hesabu, asubuhi matokeo mazuri kweli. Halafu nikaweka pointi moja ya kupimia nguvu ya mwale nyumbani. Pemba ipo chini ya Tanga kwa desibeli mbili! Hiyo ni zaidi ya thuluthi ya nguvu imepotea, na hapo masika bado, na Ku bendi, masafa ya 12 GHz hivi, unajua mvua inavyoila.

Sasa hesabu zenyewe. Setilaiti ipo kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo mwale ukigeuka digrii 0.1 kule juu, huku chini ni kilomita 60 na kitu, mkondo wote wa Pemba umeisha hapo. Setilaiti ikiyumba kiasi hicho tu visiwa vishatoka nje, ndo maana poligoni, ule mpaka wa eneo uliouchora, lazima uipanue kwa kiasi cha kuyumba kabla hujaanza, si baadae.

Na unapoiambia kompyuta ipandishe nini, usitumie wastani wa pointi zote jamani. Wastani unaficha visiwa, bara ni kubwa mno. Tumia minimaksi, ile inayomshughulikia pointi aliye dhaifu kuliko wote. Pointi zenyewe zibananishe: kwa 12 GHz wimbi ni sentimita 2.5, dishi la mita 2, basi zisiachane zaidi ya digrii 0.35 hivi, ukizidisha hapo, mwale unachimba mashimo katikati na wewe huyaoni.

Pa kuanzia napo muhimu sana. Ukianza na parabola safi mwale mwembamba, pointi za mbali hazipati kitu, hesabu inanasa palepale. Tandaza kwanza duaradufu ya ukubwa wa eneo lako, weka modi chache za Zernike, yaani maumbo laini ya kuupinda uso wa dishi, ikitulia ongeza, splaini, zile za kurekebisha sehemu ndogo ndogo, mwisho.

Mie nilipoteza wiki nzima nataka mwale ukate ghafla baharini mashariki ya Pemba, haikati, ukali wa ukingo unatoka kwenye kipenyo cha dishi na mita 2 ndo mita 2, ikabidi niuache umwagike. Niliporudia yote bara ilishuka kidogo sana, hata desibeli moja haikufika, na Wete ikawa sawa na Tanga.